SANAA YA KUAZIMA: SIFA ZA MASHABIKI WA J DILLA NA KIPIMO CHA UHAKIKI

UTANGULIZI

Afapo msanii, sifa zake hukua. Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wameizoea hali hii katika tanzia, ambamo marehemu huvishwa mapambo ambayo pengine hakuyavaa alipokuwa hai. Lakini ni nadra tanzia ya mtu mmoja kuendelea kwa takriban miongo miwili, ikitungwa na watu wasiojuana, wa nchi na lugha mbalimbali, juu ya msanii ambaye kazi yake iliyo maarufu kuliko zote haina shairi wala masimulizi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa James Dewitt Yancey, Mmarekani Mweusi wa Detroit, aliyejulikana kwanza kwa jina la Jay Dee na baadaye J Dilla. Alizaliwa tarehe 7 Februari 1974, akafariki Los Angeles tarehe 10 Februari 2006, siku tatu baada ya kutimiza umri wa miaka 32.

Mwezi wa Februari umekuwa msimu wa kumkumbuka. Mashabiki huandaa tamasha kwa jina lake, na wengine huvaa fulana zenye maneno ya kukiri kwamba Dilla aliyabadilisha maisha yao. Mashine yake ya kutengenezea midundo imehifadhiwa mjini Washington katika Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Wako pia wasiomjua kwa jina lakini wanaoishi ndani ya athari yake. Mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Eldoret asomaye usiku huku akisikiliza midundo mitulivu isiyo na maneno, ile iitwayo lo-fai, husikiliza matawi ya mti ambao Dilla ni mmoja wa mizizi yake.

Katika idara za lugha, muziki wa kufokafoka umechunguzwa zaidi kwa upande wa maneno: Sheng, methali, taswira na malalamiko ya vijana wa mitaa. Uchunguzi huo umeleta faida. Hata hivyo, mdundo umeachwa kando kana kwamba ni mkeka tu uliotandikwa ili maneno yakalie. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sifa wanazompa Dilla mashabiki wake ni uhakiki wa aina fulani, wenye nguvu na upungufu wake, na kwamba mapokeo ya ushairi wa Kiswahili yana istilahi na vipimo vya kuupima uhakiki huo bila kungojea vipimo kutoka kwingine.

MSANII NA ZANA ZAKE

Yancey alikulia mtaa wa Conant Gardens katika nyumba ya muziki. Mama yake, Maureen, alikuwa na mafunzo ya uimbaji wa opera, na baba yake, Beverly, alikuwa mpiga besi. Mwanamuziki Amp Fiddler wa Detroit alimwonyesha kijana huyo namna ya kutumia mashine ya Akai MPC, na ndiye aliyemkutanisha na Q-Tip wa kundi la A Tribe Called Quest. Pamoja na T3 na Baatin, Yancey aliunda kundi la Slum Village. Mwaka 1995 alitayarisha wimbo "Runnin'" wa kundi la The Pharcyde, na kufikia mwaka 2000 mkono wake ulisikika katika albamu ya Slum Village iitwayo Fantastic, Vol. 2 na ile ya Common iitwayo Like Water for Chocolate. Albamu yake mashuhuri kuliko zote, Donuts, ilitolewa na kampuni ya Stones Throw tarehe 7 Februari 2006, siku ya kuzaliwa kwake. Ina vipande 31, na vyote kwa pamoja havifiki saa moja.

Yafaa kueleza utendakazi wa zana yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo fani inapoanzia. Mtayarishaji huchukua sahani ya santuri ya zamani na kuingiza sehemu ya sauti yake katika mashine. Sehemu hiyo, yaani sampuli, hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hukabidhiwa kibonye kimoja kati ya vibonye 16 vya mashine. Vidole vikigonga vibonye, vipande hulia kwa mpangilio mpya. Neno lililoimbwa mwishoni mwa ubeti linaweza kuja mwanzo, na pumzi ya mwimbaji kabla ya kuimba inaweza kugeuzwa pigo la ngoma. Malighafi ya msanii huyu, basi, ni kazi zilizokwisha kukamilika za wasanii wengine. Swali linalozuka ni lile lile ambalo wapinzani wa muziki huu wamekuwa wakiuliza tangu mwanzo: hiyo ni sanaa au ni wizi?

KUAZIMA KATIKA MAPOKEO YA KISWAHILI

Methali husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Katika mavazi huenda ikawa kweli. Katika sanaa ya Waswahili historia yakataa. Mfano ulio wazi ni takhmisa. Katika utungo huu mshairi huchukua beti za mtangulizi wake na kuziongezea vipande vyake hadi kila ubeti ukawa na vipande vitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Vipande vitatu vya mtungaji wa baadaye hutangulia, kisha hufuata viwili vya Liyongo, na vina vya vile vitatu hulazimika kuafikiana na sauti iliyokuwapo tangu zamani. Hakuna mhakiki wa Kiswahili aliyemwita Sayyid Abdallah mwizi. Kinyume chake, ustadi wake hupimwa kwa jinsi sauti yake inavyoweza kusimama kando ya sauti ya shujaa bila kuifunika wala kufunikwa nayo.

Mfano wa pili ni taarabu ya Mombasa. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijipatia hadhira kubwa kwa kuyaimba mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi yaliyotokana na nyimbo za filamu za Kihindi. Wasikilizaji wengi waliyatambua mahadhi hayo, na kuyatambua kulikuwa sehemu ya raha yao: sikio moja lilikumbuka sinema, jingine lilifuata shairi.

Mfano wa tatu watoka Bonde la Ufa. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alinasa mjini Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, nyimbo zilizoitwa "Chemirocha". Jina hilo lilikuwa matamshi ya Kikipsigis ya jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye sahani zake zilikuwa zimefika huko. Katika rekodi iliyo maarufu zaidi, Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wanaimba kwa kinubi juu ya Chemirocha, ambaye katika maelezo ya Tracey alikuwa amekwisha kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Sauti ya mgeni iliyotoka katika santuri ilitwaliwa, ikakatwa na asili yake, ikapewa maisha mapya katika wimbo wa mahali pengine. Hayo yalifanyika miongo mingi kabla ya MPC kuundwa.

Nchini Kenya mashine ilipofika, ilikuta tabia hii ipo tayari. Katika miaka ya 1990 Hardstone, akiwa na mtayarishaji Tedd Josiah, alitoa "Uhiki", wimbo uliounganisha uimbaji wa arusi wa Kikikuyu na muziki wa Marvin Gaye wa mwaka 1982. Wasikilizaji waliufurahia si kwa sababu hawakuijua asili yake bali kwa sababu waliijua.

Kwa kipimo hiki, kipande cha Donuts kiitwacho "Don't Cry" chastahili kusikilizwa kwa makini. Asili yake ni wimbo wa kundi la The Escorts. Mwanzoni Dilla anauacha wimbo huo uende kwa utulivu wake, kana kwamba anamtambulisha mwenyeji kwa wageni. Kisha anaukata. Sauti zile zile zinarudi zikiwa zimevunjwa na kupangwa upya, maneno hayakamiliki, na kilio kilichokuwa cha mpenzi mmoja kinageuka kuwa kigugumizi cha huzuni isiyo na mwenyewe. Msanii ameonyesha kitambaa kizima kabla ya kuonyesha nguo aliyoishona. Uwazi huo ndio uwazi wa takhmisa: maneno ya wa kale yamesikika, na mkono wa huyu wa sasa umesikika pia. Mashabiki wanaposema kwamba kipande hiki kinawaliza, wanasema kweli. Lakini sababu si huzuni ya wimbo wa asili peke yake. Sababu ni umbali kati ya wimbo na mabaki yake, ambao msikilizaji anausafiri kwa muda wa takriban dakika mbili.

MIZANI NA UGUNI

Sifa inayorudiwa zaidi na mashabiki ni kwamba ngoma za Dilla "zimelewa". Mashine za kutengenezea midundo huwa na uwezo wa kunyoosha mapigo: kidole kikichelewa kidogo, mashine hulisogeza pigo hadi mahali pake halisi, na kila kitu kikalingana. Inasimuliwa kwamba Dilla aliuzima uwezo huo na kupiga kwa mkono mtupu, na kwamba huo ndio uliokuwa muujiza wake.

Maelezo haya yanapendeza lakini hayatoshi. Dan Charnas, katika kitabu chake Dilla Time kilichochapishwa mwaka 2022, alionyesha kwamba jambo lenyewe lilikuwa la makusudi zaidi. Dilla hakuitupa mashine. Aliitumia kusogeza baadhi ya sauti mbele na nyingine nyuma kwa vipimo vidogo mno, hata mwendo ulionyooka na mwendo unaoyumba vikawa pamoja katika mdundo mmoja. Pigo moja laweza kufika kwa wakati, jingine likawahi kidogo, na ngoma nzito ikachelewa, kisha mchezo huo huo ukarudiwa bila kubadilika kila duru.

Wanazuoni wa Kiswahili wanalijua suala hili kwa jina jingine. Tangu Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, na hasa baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, mjadala wa vina na mizani umekuwa mkali. Shairi lililokosa mizani huitwa guni. Katika mjadala huo pande zote mbili ziliwahi kuteleza mahali pamoja, kwa kuchukulia kwamba anayevunja kipimo amekiacha. Mtetezi wa mapokeo aliona uzembe, na mtetezi wa usasa aliona uhuru.

Kazi ya Dilla yaonyesha njia ya tatu. Pigo haliwezi kusikika kuwa limechelewa ila kando ya pigo lililofika kwa wakati. Kipimo, basi, hakikuondolewa. Kimezidi kuwapo, maana sikio hulazimika kukishika lenyewe wakati sauti zinakivuta huku na huku. Uguni hutokana na kutojua. Huu hutokana na kujua hadi kiwango cha nywele. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuwa msingi wa sifa, na ndiyo inayopotea inaposemwa kwamba Dilla alikuwa na "mkono wa binadamu" na basi. Kila mpiga ngoma ana mkono wa binadamu. Ushahidi wa kwamba jambo hili lilikuwa gumu ni kazi waliyopata wapiga ngoma wenyewe, Questlove akiwa mmoja wao, walipojifunza kuufuata kwa fimbo na ngozi mwendo uliokuwa umetengenezwa kwa mashine. Albamu ya D'Angelo iitwayo Voodoo, ya mwaka 2000, ilizaliwa katika jitihada hiyo.

KISA CHA KITANDA CHA HOSPITALI

Sifa za aina ya pili hazihusu ufundi bali kifo. Yancey alikuwa mgonjwa kwa miaka kadhaa. Alisumbuliwa na maradhi ya damu adimu na pia lupasi. Kutokana na hali hiyo kikazuka kisa kinachosimuliwa kila mahali anapotajwa: kwamba Donuts nzima ilitungwa kitandani hospitalini, kwa mashine ndogo na sahani chache alizoletewa, na kwamba kila kipande ni buriani. Katika kipande cha "Waves", kwa mfano, kuna sauti iliyochukuliwa kutoka wimbo wa kundi la 10cc, inayomtaja Johnny. Na kwa kuwa mdogo wake msanii anaitwa John, wako wanaoeleza kwamba hapo kaka anampa mdogo wake wosia.

Kisa hiki kina chembe za ukweli. Msanii alilazwa, na aliendelea kufanya kazi akiwa mgonjwa. Lakini uchunguzi wa Charnas ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya midundo hiyo ilikuwa imekwisha kutengenezwa nyumbani, na kwamba Jeff Jank wa Stones Throw alishiriki katika kuihariri na kuirefusha hadi ikawa albamu. Kwa shabiki, habari hii ni kama kuvunjiwa sanamu. Kwa mhakiki ni ukombozi, kwa sababu inamrudisha kwenye kazi yenyewe.

Ubaya wa kisa cha kitanda si kwamba kinatia chumvi. Ngano zote hutia chumvi. Ubaya wake ni kwamba kinaugeuza ustadi kuwa dalili ya ugonjwa. Mkato wa ghafla katika kipande hausikilizwi tena kama uamuzi wa fani. Husikilizwa kama pumzi ya mtu anayekata roho. Miaka zaidi ya kumi ya kujifunza, kutafuta sahani na kurudia kazi ile ile hufutwa, na mahali pake hukaa majaliwa. Jambo hili lina sura yake mbaya zaidi linapomhusu Mwafrika au mtu wa asili ya Afrika, ambaye kwa muda mrefu amesifiwa kwa "kipaji cha kuzaliwa" na watu wasiotaka kukiri kwamba amefikiri.

Aidha, kisa hicho hakihitajiki. Albamu yenyewe imebeba ishara za kutosha. Kipande cha kwanza kimeitwa hitimisho na cha mwisho kimeitwa utangulizi, na mwisho wa albamu unaungana na mwanzo wake, hata msikilizaji aweza kuizungusha bila kikomo, kama andazi la mviringo lililoipa jina. Msikilizaji asiyejua habari zozote za hospitali atatambua kwamba anasikiliza kazi inayouchezea mwisho. Hoja ya kifo imo katika muundo.

Methali husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema aliyekufa hawezi tena kulitia maji tembo lake, wauzaji waweza. Baada ya mwaka 2006 zilitolewa The Shining mwaka huo huo, Jay Stay Paid mwaka 2009 na The Diary mwaka 2016, zikiwemo kazi ambazo wengine walilazimika kuzikamilisha. Baadhi yake ni nzuri. Hata hivyo, sifa zisizochagua huifanya kila chenga iliyosazwa iuzwe kama johari, na mhakiki anayekataa kutofautisha hamtendei marehemu heshima.

MASHABIKI KAMA WAPOKEZI

Iko aina ya tatu ya sifa, nayo ni ya thamani kuliko zote. Mashabiki wa Dilla ni wachimbuzi. Wametumia miaka kutafuta asili ya kila sampuli: sahani gani, mwaka gani, mwimbaji nani, sekunde ya ngapi. Wamegundua kwamba "Runnin'" ilitokana na rekodi ya Stan Getz na Luiz Bonfá, na kwamba "Time: The Donut of the Heart" ilitokana na The Jackson 5. Kazi hiyo inafanana sana na isnadi, ule mlolongo wa wapokezi ambao katika elimu ya Kiislamu huthibitisha habari imetoka kwa nani ikamfikia nani. Hapa ushabiki umekuwa usomi bila kujiita hivyo, na idara za lugha zina la kujifunza.

Lakini isnadi ina masharti. Mlolongo haukamiliki kwa kutaja jina la mwisho tu. The Escorts, ambao sauti zao zimo katika "Don't Cry", walikuwa wafungwa wa gereza la Rahway, New Jersey. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1973, ilinaswa wakiwa kifungoni. Kipande hicho husifiwa duniani kote kwa huzuni yake, na huzuni hiyo kwa sehemu kubwa ni yao. Ni mashabiki wangapi wanaomlilia Dilla wameuliza ni nani hasa anayelia katika mashine? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Katika takhmisa jina la Liyongo halikupotea. Katika sampuli laweza kupotea, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya sanaa hizi mbili.

Mahakama zilijaribu kulitatua jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1991 hakimu wa New York, katika kesi iliyomhusu Biz Markie, aliianza hukumu yake kwa amri ya Biblia inayokataza wizi. Hukumu hiyo ilifanya sampuli kuwa ghali, lakini haikuwa na neno la kutofautisha mwenye kunyakua na mwenye kutunga upya. Uhakiki unaweza kutofautisha. Unaweza kuuliza: je, kipande kilichoazimwa kimebadilika? Je, asili yake ingali inasikika? Je, mwenye nacho ametajwa? Swali la kwanza ni la fani, la pili ni la hadhira, la tatu ni la haki.

Maswali haya si ya Detroit peke yake. Sauti za George Mukabi, Fundi Konde, Fadhili William na Daudi Kabaka, wote marehemu, zimo katika sahani ambazo kijana yeyote mwenye kompyuta aweza kuzikata leo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda rekodi ya sauti kando na utungo wenyewe, lakini sheria haifundishi kusikiliza. Ikiwa wasomi wa lugha wataendelea kuyanakili maneno ya nyimbo na kuuacha mdundo, basi siku gitaa la Mukabi litakapolia ndani ya wimbo wa kijana wa Langas au Kapsoya, wao watakuwa wa mwisho kulitambua.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba sifa za mashabiki wa J Dilla si kitu kimoja. Zile za ufundi zina ukweli, ila zanahitaji kunolewa, kwa kuwa kuyumba kwa mdundo wake ni matokeo ya kukijua kipimo. Zile za kitanda cha hospitali zinapunguza alichokifanya kwa kukigeuza kuwa majaliwa. Zile za uchimbuzi ni mwanzo wa usomi, mradi mlolongo wa majina ufuatwe hadi mwisho.

Imeonyeshwa pia kwamba takhmisa, mahadhi ya kuazima, mizani, guni na isnadi ni istilahi zinazotosha kuanzisha uhakiki wa sanaa hii kwa Kiswahili. Kinachosalia ni kazi ya darasani. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya wimbo wa kufokafoka yafaa atakiwe, pamoja na kunakili maneno, aeleze mdundo umejengwa kwa sauti gani, zimetoka wapi, zimekatwa vipi na za nani. Katika viambatisho vya tasnifu, kando ya orodha ya maneno ya Sheng na maana zake, ingewekwa orodha ya sauti na wenyewe.